Waridi la jangwani: tumbo likilegea, usikimbilie ndoo ya maji

MASWALI YA BUSTANI

Barua nyingi za msimu huu zinauliza mmea mmoja: waridi la jangwani, ambalo wauza miche wengine huliita adeniamu. Kitaalamu ni Adenium obesum. Tunaposema "tumbo" tunamaanisha ile sehemu ya chini ya shina iliyovimba kama mbuyu mdogo, ambamo mmea huweka akiba ya maji. Maswali yaliyofanana tumeyajibu kwa pamoja.

*

SWALI: Habari za kazi. Nilinunua waridi la jangwani mwezi wa kwanza, liko kwenye chungu cha plastiki nje ya mlango. Kwa kuwa Dodoma ni pakavu, nalimwagilia kikombe kimoja cha maji kila asubuhi. Sasa majani ya chini yamekuwa njano, na tumbo nikilibonyeza linabonyea. Niongeze maji?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Usiongeze hata tone kabla hujalikagua. Tumbo hulegea kwa sababu mbili zinazopingana, kiu na kuoza, na dawa ya moja ndiyo sumu ya nyingine.

Libonyeze kwa kidole gumba pande zote nne, kisha fukua udongo kidogo ubonyeze pale linapoingia ardhini. Mmea wenye kiu hulegea sawasawa kila upande. Ngozi yake hukunjamana kama ya kiazi kilichosahaulika jikoni wiki mbili, na udongo unakuwa mkavu hadi chini ya chungu. Huo umwagilie mpaka maji yatoke kwenye matundu, na baada ya siku chache tumbo litajaa tena. Mmea unaooza hulegea upande mmoja, mara nyingi pale chini. Kidole kinazama, ngozi inatoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa, na ndani ni kahawia, kuna majimaji na harufu ya uvundo.

Kwa maelezo yako, tunahofia ni hilo la pili. Mwezi wa kwanza Dodoma ni wa mvua, kwa hiyo mmea ulikuwa unanyweshwa na mawingu na wewe pia. Tena kikombe cha kila siku ni kibaya kuliko ndoo ya mara moja kwa wiki, kwa sababu udongo haupati nafasi ya kukauka, na mizizi ya mmea huu isipopata hewa huanza kufa kutoka kwenye ncha.

Ung'oe leo. Kung'uta udongo wote, osha mizizi, uitazame. Iliyo laini na nyeusi ikate. Kisha chukua kisu chenye makali, kipanguse kwa spiriti, uanze kukata sehemu iliyooza kipande kwa kipande hadi ufike kwenye nyama nyeupe isiyo na hata doa moja la kahawia. Kipanguse kisu kila baada ya kukata; usipofanya hivyo unabeba uozo na kuupaka kwenye nyama nzima. Watu wengi hapa huona huruma, wanaacha kidoa kidogo "kitakachojikausha chenyewe." Hakijikaushi. Wiki mbili baadaye tumbo zima limekuwa uji.

Kidonda kipake unga wa dawa ya ukungu yenye shaba. Ukikosa, unga wa mkaa uliosagwa husaidia kukikausha. Ulaze mmea kivulini penye upepo siku 7 hadi 10, bila udongo na bila maji, mpaka kidonda kiwe kigumu kama kizibo cha chupa. Majani yatapukutika, yaache. Ndipo uupande kwenye mchanganyiko mkavu, usubiri wiki nyingine nzima, halafu umwagilie mara ya kwanza. Kama uozo umezunguka tumbo lote, tumbo limekwenda. Okoa matawi mazima uyapande kama vipandikizi.

Mchanganyiko wenyewe, kwa kopo lolote utakalopimia: makopo mawili ya kokoto ndogo au mchanga mkubwa wa mtoni uliooshwa, kopo moja la mkaa uliopondwa kufikia ukubwa wa punje za mahindi, na kopo moja la mboji au samadi iliyooza kabisa. Pumba za mpunga zilizochomwa zikawa nyeusi zinaweza kushika nafasi ya mkaa. Mchanga wa pwani usiutumie, una chumvi na ni mwembamba mno. Ukishajaza chungu, mwaga lita moja ya maji: yanapaswa kuanza kutoka chini ndani ya sekunde chache. Yakisimama juu kama dimbwi, ongeza kokoto.

Wengi wenu pia mmeuliza kuhusu kuweka tabaka la mawe chini ya chungu ili maji yapite. Halisaidii. Maji hukwama kwenye udongo ulio juu ya mawe hayo, kwa hiyo unachofanya ni kuisogeza sehemu yenye unyevu karibu zaidi na tumbo. Toboa matundu matano au sita yanayopitisha kidole, inatosha.

*

SWALI: Naishi Nairobi, ghorofa ya tatu. Kila ikifika Juni mmea wangu unapukutisha majani yote. Naumwagilia zaidi lakini wapi. Mwaka jana ulikufa mmoja. Shida ni nini?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Baridi. Usiku ukishuka chini ya nyuzi 12 au 13 hivi, mmea huu hulala, na usiku wa Julai Nairobi hufika huko bila shida. Usingizi haujaua mmea wowote. Kinachoua ni maji unayomwagilia mmea uliolala, kwa kuwa hauna majani ya kuyatumia na udongo wenyewe haukauki kwa wingu lile la kipupwe.

Mei ikiisha, uingize ndani karibu na dirisha linalopata jua, au uusogeze ukutani mahali ambapo mvua haifiki. Majani yakianza kuanguka, acha maji. Ukiona tumbo limekunjamana sana, mpe nusu kikombe siku yenye jua, si zaidi ya mara moja kwa mwezi. Mbolea marufuku. Machipukizi yakitokea, kwa kawaida Septemba, rudia kumwagilia kidogo kidogo.

*

SWALI: Shikamooni. Nilipewa tawi na jirani, nikalipanda, likashika vizuri. Huu mwaka wa pili, linatoa na maua, lakini limebaki kijiti tu, halina tumbo. Nimekosea wapi?
Msomaji, Unguja

JIBU: Marahaba. Hujakosea popote. Tumbo la mviringo ni tabia ya mmea uliotoka kwenye mbegu. Kipandikizi hutoa mizizi minene baada ya miaka, na shina huongezeka unene kidogo, lakini hakitapata kamwe lile umbo la kibuyu. Muuzaji akikwambia kipandikizi chake "kitanenepa tu," mshukuru uende zako.

Basi tuzungumzie mbegu. Mmea ukiwa peke yake uani huzaa kwa nadra, maana mara nyingi chavua yake haiwezi kulizalisha ua lake mwenyewe. Unahitaji mimea miwili iliyotoka mbegu tofauti, na subira ya fundi saa, kwa kuwa ua lenyewe limeficha viungo vyake. Ukilichungulia kooni utaona nywele tano ndefu zikitokea kwenye kibanda kidogo chenye umbo la pia. Hicho kibanda ni vifuko vitano vya chavua vilivyoshikana. Chavua iko ndani, upande wa juu. Mahali inapotakiwa kufika pako ndani pia, ila chini ya vifuko.

Chagua ua lililofunguka jana au juzi. Lichane ubavuni mpaka kibanda kionekane. Kwa ncha ya kijiti cha meno iliyolowa kidogo, penya kwenye ufa kati ya vifuko viwili, pandisha juu, uchomoe: utaona unga mweupe wenye unjano umenata. Nenda kwenye ua la mmea wa pili, penya kwenye ufa kama huo lakini chini kabisa ya kibanda, uguse kwa upole. Jaribu maua kumi, ukipata tunda kwenye mawili umefanya vizuri.

Matunda hutoka mawili mawili kama pembe za mbuzi, na hukaa kwenye mmea kama miezi miwili mitatu. Yakianza kubadilika rangi kutoka kijani, yafunge kwa uzi mizunguko mitatu, au uyavishe kipande cha soksi nyepesi ya kike. Usipofanya hivyo yatapasuka mchana mmoja usipokuwepo, na kwa kuwa kila mbegu ina shada la manyoya ncha zote mbili, upepo wa kaskazi utaipeleka kwa jirani.

Mbegu zioteshe zikiwa mpya. Zikikaa miezi mingi, zinazoota hupungua sana. Kwa Unguja, joto la Desemba hadi Februari linafaa kabisa. Ng'oa manyoya, loweka saa chache, zilaze ubavu (usizisimamishe) kwenye mchanganyiko ule ule tuliomweleza msomaji wa Dodoma ila ukiwa umechekechwa, zipishane sentimita tatu, na uzifunike nusu sentimita tu. Weka unyevu kwa kunyunyizia. Kati ya siku ya nne na ya kumi utaona vimea vimenyanyuka, na vingine tayari vina kitumbo kama punje ya maharage.

Hapo ndipo miche mingi hufa: inalegea shingoni na kuanguka usiku mmoja. Ni ukungu wa udongo, unaotokana na kumwagilia kupita kiasi na chombo kufunikwa bila hewa. Mche ukitoa majani mawili ya kweli, yaani yanayofuata yale ya kwanza ya mbegu, toa kifuniko kama uliweka, upe jua la asubuhi, na uache uso wa udongo ukauke kabla ya kunyunyizia tena. Ukifikisha majani sita, hamishia kila mmoja kwenye kikopo chake. Ua la kwanza hutokea mwaka au mwaka na nusu tangu kupanda mbegu.

Ili tumbo lionekane, kila unapobadilisha chungu, yaani mara moja kwa mwaka au miaka miwili, upandishe mmea sentimita mbili au tatu juu ya pale ulipokuwa. Mizizi iliyofunuliwa haijazoea jua, itaungua. Uweke chini ya mti wiki mbili kwanza.

*

SWALI: Waridi langu limejaa majani mazuri ya kijani, matawi marefu, ila maua hakuna. Naliweka mbolea ya urea kila mwezi. Liko chini ya migomba.
Msomaji, Moshi

JIBU: Umeshajijibu mara mbili. Urea ni naitrojeni tupu, kazi yake ni majani. Kivuli cha migomba nacho kinafanya matawi yarefuke kutafuta mwanga. Litoe juani lipate saa sita au zaidi kwa siku, ukilizoesha kidogo kidogo kwa wiki mbili. Achana na urea na CAN, ambayo nayo ni mbolea ya naitrojeni. Tumia NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu sawa kwa sawa), nusu kijiko cha chai kwa chungu cha upana wa sentimita 30, kila wiki sita wakati mmea una majani. Inyunyize ukingoni mwa chungu, udongo ukiwa na unyevu, isiguse tumbo.

Maua hutoka kwenye ncha za matawi, kwa hiyo ncha zikiwa chache na maua yatakuwa machache. Baridi ikiisha, kata kila tawi theluthi moja. Patachipuka matawi mawili au matatu mahali pa lile moja, na maua yatafuata baada ya miezi miwili hivi.

*

SWALI: Nataka kupanda haya mawaridi kando ya njia ya kuingilia nyumbani, tuko karibu na bahari, ardhi ni mawe ya matumbawe. Pia yanaweza kuwa ua la kuzuia watu? Na nimesikia yako porini kule Tsavo, naweza kuchukua huko?
Msomaji, Mombasa

JIBU: Kwa njia ya kuingilia, ndiyo. Ardhi ya matumbawe hupitisha maji vizuri, na upepo wa chumvi hausumbui sana mmea huu. Inua tuta la sentimita 20 hadi 30, upande juu yake, usiupande kwenye shimo: masika ya Aprili na Mei yatageuza shimo kuwa kisima. Acha mita moja hadi moja na robo kati ya mche na mche. Ardhini ukishashika hauhitaji kumwagiliwa isipokuwa kiangazi kirefu sana. Majani yakiwa njano huku mishipa imebaki kijani, hiyo ni chokaa ya matumbawe inayozuia madini ya chuma. Changanya mboji nyingi zaidi kwenye tuta.

Ua la kuzuia watu, hapana. Hauna miiba, unakua polepole, na ukifikia kimo cha mtu umepata bahati. Kazi hiyo mpe bogenvilia.

Kuhusu Tsavo: ndiyo, ni kwao. Ukipita wakati wa kiangazi unaweza kuiona imesimama bila jani hata moja huku imejaa maua ya waridi. Lakini kung'oa mmea ndani ya hifadhi ni kosa kisheria, na hata nje ya hifadhi, mmea mkubwa uliong'olewa kati ya mawe hukatwa mizizi mingi, ukaoza ukifika mjini. Nunua mche wa mbegu. Utakuwa na umbo zuri kuliko huo wa porini kabla hujachoka kuusubiri.

*

SWALI: Nina watoto wadogo na mbuzi wawili. Jirani ananiambia mmea huu ni sumu ya mishale. Ni kweli au ni maneno tu?
Msomaji, Arusha

JIBU: Ni kweli. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi huchemsha utomvu wake kupata sumu ya mishale yao. Una kemikali zinazovuruga mapigo ya moyo, na ziko kila mahali: jani, ua, mbegu, mzizi. Maua ya oleanda yanayopandwa kandokando ya barabara ni ukoo mmoja nao.

Haina maana uuchome moto. Uweke juu ya ukuta au kwenye meza ambapo mtoto hafiki, na matawi uliyoyakata usiyatupe mahali mbuzi wanapojilia. Vaa glavu unapokata, usijipanguse macho, nawa kwa sabuni. Mtu akila sehemu yoyote na kuanza kutapika, kulegea au kusikia moyo unakwenda ovyo, mpelekeni hospitali mara moja pamoja na kipande cha mmea ili daktari ajue anapambana na nini. Msimtapishe wala msimpe maziwa mkidhani yatavunja sumu.

*

SWALI: Asalaam aleikum. Huku Maskati wakati wa joto majani yanapauka, yana vidoa vidoa kama vumbi, halafu yanaanguka. Mbona wanasema ni mmea wa jangwani?
Msomaji, Maskati

JIBU: Waaleikum salaam. Uko kwao kabisa: mmea huu huota wenyewe Dhofar, kusini mwa Oman, na Yemen, na jina Adenium lenyewe limetokana na Aden. Mtaalamu wa mimea Peter Forskål aliukuta Yemen kabla ya kufariki huko mwaka 1763. Ila porini mizizi iko chini ya mawe yaliyopoa, si kwenye chungu cheusi cha plastiki juu ya sakafu ya saruji. Chungu hicho kiingize ndani ya kingine kikubwa cha udongo, jaza changarawe katikati, na mmea upate kivuli kuanzia saa nane mchana.

Vidoa ni habari nyingine. Weka karatasi nyeupe chini ya jani, ligonge mara mbili. Vumbi likianza kutembea, ni utitiri mwekundu, anayeshamiri kwenye joto kavu. Osha chini ya majani kwa mpira wa maji wenye nguvu kila siku ya tatu kwa wiki mbili, mapema asubuhi, chungu ukiwa umekilaza ubavu ili maji yasijae udongoni. Dawa ya salfa usipulize kwenye joto la zaidi ya nyuzi 32, itababua majani yaliyobaki. Ukikuta vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, hao ni vidung'ata. Waguse mmoja mmoja kwa pamba iliyolowa spiriti.

*

SWALI: Nilinunua kwa bei kubwa waridi la maua ya tabaka, mekundu iliyokolea. Mwaka huu upande mmoja unatoa maua ya pinki ya kawaida. Nimetapeliwa?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hujatapeliwa. Maua ya tabaka hayatabiriki kwa mbegu, kwa hiyo kikonyo, yaani kijitawi, cha aina hiyo hubebeshwa (huunganishwa) juu ya mche wa kawaida wenye tumbo. Tafuta kovu la kubebesha, mara nyingi sentimita chache juu ya tumbo: utaona mstari au uvimbe, na rangi ya gome inatofautiana kidogo juu na chini yake. Tawi lako la pinki limechipuka chini ya kovu hilo. Linakua haraka kuliko kikonyo na likiachwa litakinyima chakula. Likate kwa kisu kisafi likiwa limegusana kabisa na shina, usiache kisiki, acha kidonda kikauke siku tano bila maji. Baada ya hapo pitisha macho chini ya kovu kila mwezi, na kila chipukizi utakaloliona livunje kwa kidole lingali changa.